Umeme umerudi ndipo samaki wakaanza kufa: kanista au sponji?

Mvuvi wa Sebuleni (#1)
Wakuu salaam. Nina tangi la futi 4 nililotengenezewa na fundi vioo, sentimita 120 kwa 45 kwa 45, yaani lita 243. Ndani kuna mbuna wa Ziwa Nyasa, wa njano na wa bluu. Filta ni kanista moja, ile ya kukaa nje ya tangi, imejaa zile pete za kauri za kukalia bakteria, za bei mbaya.

Juzi umeme ulikatika jioni, ukarudi alfajiri. Naamka nakuta samaki wote wazima, wametulia chini. Masaa mawili hayajaisha tangu kanista ianze kusukuma, wakapanda juu kuhema midomo wazi, na hadi mchana wale wakubwa karibu wote wamekwenda. Wadogo wamebaki.

Kinachonichanganya ni hiki: usiku mzima wamevumilia, umeme umerudi ndipo wanakufa. Kimewaua nini? Nikijua hilo ndipo nitajua ninunue nini. Muuzaji anasema niongeze kanista ya pili. Jirani yangu, mzee anayefuga goldfishi miaka mingi, anasema kanista nitoe kabisa, niweke sponji ya kuchujia na pampu ya hewa. Nani mkweli?

Kitoweo (#2)
Mtu ana samaki sebuleni halafu mboga anaifuata soko la samaki la Feri. Haya, endeleeni, mimi nakaa hapa na karanga zangu.

Fundi Vioo (#3)
Kabla hamjafika mbali: mkuu, huna lita 243. Hivyo ni vipimo vya nje. Toa unene wa kioo pande zote, toa ile nafasi unayoiacha juu maji yasimwagike, toa mchanga, toa yale mawe ya mbuna. Kwa tangi la namna hiyo mimi humwambia mteja ahesabu 180. Ni muhimu hasa kwenye dawa, maana ukipima dozi ya 243 kwenye maji ya 180 umezidisha kwa theluthi.

Kemia ya Jikoni (#4)
Kanista ni ndoo iliyofungwa kwa mfuniko. Ndani mna bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, na wanapumua oksijeni kama sisi. Tena wanaimaliza kwa kasi: kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia wanayoisaga inakula karibu gramu 4.6 za oksijeni. Pampu ikisimama, yale maji machache yaliyofungiwa humo yanaishiwa hewa mapema. Hapo wanaingia bakteria wengine wasiohitaji hewa, wanaanza kuirudisha nitrati kuwa nitriti, na pakikaa sana panatoka harufu ya yai viza. Umeme ukirudi, pampu inasukuma mchuzi wote ule kwa samaki.

Wenye kanista sheria ni moja. Umeme ukikatika kwa masaa kadhaa, usiiache ijiwashe. Chomoa plagi, fungua, mwaga maji yale, suuza pete kwa maji ya tangi lenyewe, kisha washa. Mkuu, ulisikia harufu yoyote?

Mvuvi wa Sebuleni (#5)
@Kemia ya Jikoni sikufungua, ilijiwasha yenyewe nikiwa nimelala. Harufu hapana. pH, yaani kiwango cha asidi ya maji, kwa kipimo cha matone ilikuwa 8.4 mchana. Nitriti sina kipimo chake.

Mwisho wa Reli (#6)
Nipo Kigoma na nimewahi kufanya kazi ya kufunga samaki wa Tanganyika kwa ajili ya ndege, kwa hiyo naleta maelezo mengine kabisa. Kanista inaweza isihusike.

Samaki akikaa ndani ya mfuko uliofungwa, anatoa amonia na anatoa hewa ukaa. Hewa ukaa inashusha pH, na pH ikishuka sehemu kubwa ya amonia inakaa kwenye umbo lisilo na madhara makubwa. Ndiyo maana Tropheus, samaki wa Ziwa Tanganyika, anafika Ulaya mzima baada ya safari ndefu kwenye maji machafu. Anayepokea akifungua mfuko akauacha wazi, hewa ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu. Anakufa mikononi mwa mpokeaji, na mpokeaji anamlaumu aliyetuma.

Weka hilo kwenye tangi la mkuu. Usiku maji hayatikiswi, hewa ukaa inajikusanya, pH inashuka, amonia inapanda taratibu bila kuua. Asubuhi filta inaanza kutikisa maji, hewa ukaa inaruka, pH inarudi 8.4. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 27, sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye 8.5 ni kama asilimia 17. Amonia ni ile ile, haikuongezeka hata tone.

Bi Mtangata (#7)
Mnaruka swali la kwanza kabisa. Aliongeza maji? Wengi umeme ukikatika wanakimbilia kumwaga ndoo mbili tatu za bomba ili "wapate hewa". Klorini ya bombani haina mjadala na matamvua ya samaki.

Mvuvi wa Sebuleni (#8)
@Bi Mtangata shikamoo. Ndiyo, asubuhi ile kijana wa nyumbani aliongeza ndoo mbili, lakini za simtanki na yalikuwa yamekaa siku kadhaa.

Bi Mtangata (#9)
Marahaba. Simtanki lenye mfuniko si beseni lililoachwa juani. Klorini inatoka vizuri pale maji yanapoguswa na upepo au yanapotikiswa. Ndani ya tangi lililofunikwa inatoka polepole, na kama ndani ya siku hizo maji ya bomba yaliingia tena, umeanza upya. Sisemi ndiyo iliyoua, nasema usiifute.

Mswahili wa Maskati (#10)
Huku Oman majira ya joto maji ya tangi la juu ya paa huwezi hata kunawia, kwa hiyo habari za hewa tumezisoma kwa lazima. Maji yasiyo ya chumvi yakiwa nyuzi 25 hubeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, yakifika 30 yanashuka hadi 7.5. Halafu tazameni nani amekufa: wakubwa. Kwenye mabwawa ya kufugia, oksijeni ikikatika wakubwa ndio hutangulia. Mimi naona ni hewa tu, hadithi za pH tuwaachie wasafirishaji.

Swali moja: uliwalisha asubuhi?

Mvuvi wa Sebuleni (#11)
Walilishwa, ndiyo. Walivyonitazama kwenye kioo huwezi kupita hivi hivi.

Mswahili wa Maskati (#12)
Basi. Samaki akishiba anahitaji oksijeni zaidi kuliko akiwa na njaa. Wametoka kwenye usiku wa dhiki, maji hayajapata hewa ya kutosha, wakapewa karamu. Umeme ukirudi usilishe hadi kesho yake.

Mwisho wa Reli (#13)
@Mswahili wa Maskati kama ni hewa tu, kwa nini wafe baada ya filta kuanza kutikisa maji na wasife saa tisa usiku? Hapo ndipo maelezo yako yanapokwama.

Mswahili wa Maskati (#14)
Hayakwami. Kanista yake bomba la kurudisha maji liko chini ya uso, nina hakika, kwa sababu watu hawapendi kelele. Maji yanazunguka lakini juu hayavunjiki. Tena yanapita kwanza kwenye ndoo ya bakteria wenye kiu ya oksijeni. @Mvuvi wa Sebuleni liko juu au chini?

Mvuvi wa Sebuleni (#15)
Chini. Kelele zilikuwa zinamsumbua mama watoto.

Kitoweo (#16)
Sasa mkosaji ni mama watoto. Uzi umenoga.

Mwalimu wa Bayo (#17)
Nakubaliana na #4 kwa sehemu, ila wanaosema bakteria wa filta wanakufa ndani ya masaa wanatia chumvi. Wanaosaga amonia na nitriti hulala hewa ikikosekana, na wengi huamka ikirudi. Kinachooza ndani ya kanista ni uchafu: mabaki ya chakula na kinyesi ambavyo havijaondolewa muda mrefu. Kanista iliyosafishwa vizuri inavumilia kukatika umeme kuliko ile iliyojaa tope. Uliisafisha lini mara ya mwisho?

Pia, tuliofundishwa shuleni kwamba nitriti inasagwa na bakteria waitwao Nitrobakta, kwenye matangi ya maji baridi imeonekana tangu 1998 kwamba kazi hiyo hufanywa zaidi na Nitrospira. Mwaka 2015 zikagunduliwa Nitrospira zinazoweza kufanya hatua zote mbili peke yao.

Kitoweo (#18)
Hata wakiitwa Juma na Hamisi, samaki kafa.

Otieno wa Naivasha (#19)
Kwetu Kenya stima zikipotea hatuulizi zitarudi lini, kwa hivyo mimi nina sponji tatu kwa tangi moja na pampu ya hewa inayokula betri ya kuchaji. Stima zikienda pampu inaendelea. Sponji iko ndani ya maji yenyewe, haijafungiwa popote, kwa hivyo hata pampu ikizima bakteria wanashiriki hewa na samaki wenyewe. Viputo vinavunja maji juu. Hapo umejibu oksijeni, umejibu mchuzi wa kanista, na kama ni pH ya ndugu wa Kigoma, maji hayajawahi kusimama ndio hewa ukaa ikusanyike. Bei ni ya kawaida kabisa.

Ila nunueni na vali ya kuzuia maji kurudi. Pampu ikiwa chini ya kiwango cha maji na stima zikatike, maji yanateremka kwa mpira hadi kwenye pampu, na kutoka hapo hadi kwenye soketi.

Nyasa Damu (#20)
Sponji kwa mbuna? @Otieno wa Naivasha hebu kuwa mkweli. Hawa wanakula kutwa na kunya kutwa, na tunawajaza wengi makusudi ili mbabe asimwandame mmoja. Sponji inasaga amonia, sawa, lakini kinyesi kinabaki chini kwenye mawe. Kwa mbuna unahitaji msukumo, mara 8 hadi 10 ya ujazo wa tangi kwa saa. Na hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi la kanista msiiamini, wameipima ikiwa tupu na bila kupandisha maji. Chukua ndoo ya lita 10, kinga bomba la kurudisha, tazama saa. Kanista yangu boksi linasema lita 1,200 kwa saa, ndoo inasema chini ya 700.

Fundi Vioo (#21)
Ndiyo maana mimi nawauzia watu sampu. Tangi la pili chini ya kabati, maji yanashuka yenyewe, yanapita kwenye vyumba, pampu inayarudisha juu. Iko wazi juu, kwa hiyo haikosi hewa haraka kama kanista. Unatia chochote unachotaka.

Bi Mtangata (#22)
Na umeme ukikatika inamwaga sebule nzima. Mdogo wangu ana zulia ambalo hadi leo linanuka ziwa.

Fundi Vioo (#23)
@Bi Mtangata huyo aliyemfungia hakutoboa tundu la kuvunja mvuto. Bomba la kurudisha lazima liwe na kitundu karibu na uso wa maji, pampu ikisimama lisifyonze tangi lote kulipeleka chini. Na sampu haijazwi hadi juu, unaacha nafasi ya maji yatakayoshuka. Unajaribu kwa kuzima mwenyewe mchana, ukiwa na kitambaa mkononi, kabla mteja hajalipa.

Mvuvi wa Sebuleni (#24)
Nashukuru wote. Sasa nikienda sponji au sampu, ndani niweke nini? Pete za kauri zimenimaliza, na yule muuzaji anasema zile zake mpya "zinaondoa hadi nitrati".

Mwalimu wa Bayo (#25)
Kinadharia, ndani kabisa ya kitundu kisichofikiwa na hewa, bakteria wanaweza kuigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni. Kivitendo, kwenye filta yenye maji ya kasi, sijaona kipimo cha nyumbani kinachothibitisha. Nitrati inatoka kwa kubadili maji na kwa mimea.

Tukuyu Baridi (#26)
Hamna haja ya kununua. Huku Rungwe mawe mepesi ya volkano tunayakanyaga njiani, ni mabaki ya milipuko ya zamani ya mlima. Yana vitundu kuliko hiyo kauri yenu. Yavunje saizi ya ndimu, osha hadi maji yatoke meupe, chemsha, loweka. Mwanzoni yanaelea, yakishiba maji yanazama.

Otieno wa Naivasha (#27)
Kweli, nasi huku upande wa Longonot tunayo. Lakini jaribu kwanza na siki. Dondosha matone kwenye jiwe, likitoa povu lina chokaa na litapandisha ugumu wa maji na pH. Kwa mbuna si neno, kwa samaki wa maji laini utaua.

Dodoki (#28)
Wenzangu wa Pwani, jina langu linajieleza. Dodoki lililokauka, kata vipande, tia kwenye chombo cha filta. Nyuzi zake zimesukana vizuri na ni la bure uani.

Kemia ya Jikoni (#29)
Dodoki ni mmea, litaoza. Mwanzo linafanya kazi, baadaye linalainika, linakuwa kama ugali uliolala, na lenyewe linageuka chakula cha bakteria na kula oksijeni ile ile tunayoililia. Makumbi ya nazi ni hivyo hivyo, na yanatia maji rangi ya chai. Kama unataka kitu cha bei chee, nunua zile nyavu za plastiki za kusugulia sufuria. Ziwe za plastiki tupu, zisiwe na sabuni ndani wala zisiwe stili waya.

Dodoki (#30)
Lako linaoza kwa sababu hulibadilishi. Langu nabadili.

Kemia ya Jikoni (#31)
Na kila ukilibadili unatupa na bakteria wote. Huoni tabu hapo?

Dodoki (#32)
Nabadili nusu nusu. Samaki wangu wanazaa.

Nyasa Damu (#33)
Sponji la godoro je? Naona wengi wanakata tu kipande cha godoro.

Otieno wa Naivasha (#34)
La godoro matundu yake ni madogo mno, linaziba upesi na maji yanapita pembeni bila kuchujwa. Tafuta sponji ya filta yenye vitundu 20 hadi 30 kwa inchi 1. Ukiikamua chini ya maji inarudi haraka na unaona mwanga kupitia. Na usiioshe kwa bomba: kamua ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini wakati wa kubadili. Ikirudi na rangi ya kahawia kidogo, iache, ndiyo mali hiyo.

Mama Wawili (#35)
Samahani kuingilia. Mimi natumia mkaa wa jikoni uliosagwa kwenye filta, maji yanakuwa meupe kabisa. Nimekosea?

Kemia ya Jikoni (#36)
Dada, maji meupe yanatokana na mkaa kuzuia vumbi tu. Mkaa wa filta umechomwa kwa namna maalumu hadi vitundu vyake vikafunguka, gramu 1 ina eneo la mita za mraba 500 na zaidi. Wa jikoni hauna hilo, na majivu yake yanapandisha pH. Na hata ule wa dukani haugusi amonia. Kazi yake ni rangi, harufu na mabaki ya dawa, na ukiwa unatibu samaki unautoa, vinginevyo mkaa huo utanyonya dawa yote.

Mama Wawili (#37)
Asante. Kwa hiyo wa jikoni urudi jikoni.

Mwisho wa Reli (#38)
Turudi kwa mkuu. Mimi ningekuwa yeye: kanista ibaki kwa ajili ya kinyesi, iwekewe sponji tupu ndani ili isafishike upesi, bomba la kurudisha lipandishwe livunje maji. Pembeni sponji ya hewa yenye betri. Halafu anunue kipimo cha amonia na nitriti kabla hajanunua pete nyingine hata moja. Umeme ukikatika tena, apime kabla haujarudi na baada. Hapo tutajua kama ni mimi au ni ndugu wa Maskati.

Mswahili wa Maskati (#39)
Pandisha bomba peke yake utaona. Kipimo cha amonia nitakununulia mimi wakifa tena.

Bi Mtangata (#40)
Na simtanki lifunguliwe mfuniko. Hamjanijibu hilo.

Kemia ya Jikoni (#41)
Kama ilikuwa nitriti, chumvi ya kawaida kidogo isiyo na viungo ingesaidia. Kloridi inazuia nitriti isiingie kwenye damu kupitia matamvua. Matamvua ya waliokufa yalikuwa na rangi gani? Mekundu au ya kahawia?

Mvuvi wa Sebuleni (#42)
Nimeshawazika, mkuu. Sikuangalia. Mama watoto amekubali bomba lipande, ila kwa sharti kelele isizidi ya feni.

Tukuyu Baridi (#43)
Kwa nitrati, kuna kitu hamjataja. Mimi nimeegesha shina la matembele kwenye kona ya tangi, mizizi ndani ya maji, majani nje. Linastawi hadi limefika dirishani.

Kitoweo (#44)
Sasa ndiyo mmeanza kuongea. Hayo matembele yanaliwa?

Tukuyu Baridi (#45)
Tunakula. Mbolea yake unaijua.

Mwalimu wa Bayo (#46)
Msile kama tangi limewahi kuwekewa dawa za fangasi au za vidonda, hasa za shaba au ile ya kijani inayotia madoa kwenye silikoni. Hizo hazikutengenezwa kwa chakula cha binadamu.

Kitoweo (#47)
@Mvuvi wa Sebuleni umewahi kuweka dawa?